Laini ya kati ya mda mrefu kwa mtoto mdogo: hatua kwa hatua, toka kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mpaka siku ya kuitoa

Naandika hii kwa madaktari na manesi wanaoanza kushika hii kazi, alafu sehemu ya mwisho ni ya mama au baba anayerudi nyumbani na mtoto mwenye mrija kifuani. Laini ya kati ni huo mrija laini wa silikoni unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa shingoni na ncha yake inakaa pale mlangoni mwa moyo, upande wa pili unapita chini ya ngozi na kutokea kifuani, na unaweza kukaa miezi mingi, hata miaka.

Kabla hatujaanza shikeni hili moja, manake kila hatua huko chini inarudi hapo hapo. Mtoto ana mishipa mikubwa michache sana ya kutumia: miwili shingoni, miwili chini ya mtulinga, miwili kinenani, basi. Ukiziba mmoja akiwa na miezi 8 hauoti mwingine, na kuna watoto ambao utumbo wao haufanyi kazi, wanaishi kwa lishe ya mshipani miaka na miaka, hao wakiishiwa mishipa wameishiwa njia ya kula. Kwahiyo kila unapochoma shingo ya mtoto unatumia akiba yake, sio yako.

Hatua ya 1: Inahitajika kweli? Na ya aina gani?

Uliza dawa gani inapita, kwa mda gani, na mara ngapi kwa wiki. Antibaiotiki ya wiki 2 au 3 mara nyingi haihitaji yote haya, mrija mrefu mwembamba wa kupitia mkononi unatosha. Dawa kali za saratani, lishe ya mshipani ya kila siku, kupandikiza uboho, hapo ndo laini ya kupita chini ya ngozi inapohitajika, zile zinazoitwa Broviac au Hickman. Mtoto anayepata dawa mara moja kila baada ya wiki kadhaa, mfikirie kwa poti, kile kidude kinachofukiwa chini ya ngozi kabisa, hakina mrija unaoning'inia na mtoto anaoga anacheza kama wenzake, ila kila ukitumia lazima umchome na sindano yake maalum, sio sindano yoyote iliyo karibu.

Njia ngapi ndani ya mrija? Chache kadri inavyowezekana. Watu wanapenda kuagiza mrija wa njia mbili "labda tutahitaji", ila kila njia ya ziada ni mlango mwingine wa vijidudu na inafanya mrija uwe mnene zaidi. Na kama mtoto ana ugonjwa wa figo wa kudumu, mishipa ya mikononi na ya chini ya mtulinga usiiguse kama kuna njia nyingine, kuna siku ataihitaji kwa ajili ya kusafishwa damu.

Hatua ya 2: Mjue mtoto kabla ya dawa ya usingizi

Hapa nitakaa kidogo kwasababu hapa ndo watoto wanapopotea kabla hata sindano haijatoka kwenye karatasi yake.

Mtoto mwenye limfoma au lukemia (saratani za tezi na za damu) anaweza kuwa na uvimbe mkubwa ndani ya kifua, mbele ya bomba la hewa. Akiwa amekaa anapumua vizuri tu, ukimlaza chali na kumpa dawa ya usingizi misuli inalegea, uvimbe unakandamiza bomba la hewa na mishipa ya moyo, na hapo hata ukimwekea mpira wa kupumulia hewa inaweza isipite. Kwahiyo eksirei ya kifua ionekane KABLA, na umuulize mama swali moja jepesi: mwanao analalaje usiku? Akikwambia siku hizi analala ameegemea mito, au akilala chali anakohoa anaamka, simama hapo hapo, kaongee na daktari wa usingizi, laini inaweza kusubiri au ikawekwa kwa ganzi na dawa kidogo ya kutuliza huku mtoto ameinuliwa.

Alafu damu. Wengi wetu tunataka chembe sahani (zile zinazogandisha damu) ziwe angalau 50,000, zikiwa chini tunampa kabla au wakati wa kazi. Kama ana vijidudu kwenye damu na laini sio ya dharura, tibu kwanza, subiri kalcha (kipimo cha kuotesha vijidudu vya damu) itoke safi, manake mrija mpya ukiingia kwenye damu chafu unaambukizwa siku hiyo hiyo.

Kufunga kula: chakula kizito na maziwa ya kopo masaa 6, maziwa ya mama 4, maji matupu saa 1 mpaka 2 kulingana na utaratibu wa daktari wa usingizi. Tafadhali msimfungishe mtoto wa mwaka mmoja toka usiku wa manane kwa kazi ya saa sita mchana, anaingia amekauka na mshipa wake umesinyaa kama uzi, alafu mnalalamika mshipa hauonekani.

Hatua ya 3: Angalia mishipa kwa ultrasaundi, pande zote mbili

Muangalie kifuani kwanza kwa macho. Ukiona vimishipa vya bluu vimetuna kifuani au begani, jua barabara kuu ndani pengine imeziba na damu inatafuta njia ya pembeni. Tafuta makovu ya laini za zamani, soma faili.

Alafu weka jeli uangalie shingo kulia na kushoto. Bonyeza taratibu: mshipa wa vena (unaorudisha damu kwenye moyo) unalala, ateri (inayotoa damu kwenye moyo) inabaki duara na inadunda. Ukibonyeza na usilale, pengine kuna damu iliyoganda ndani. Upande wa kulia shingoni ndo chaguo la kwanza kwa wengi kwasababu njia imenyooka kushuka mpaka kwenye moyo.

Pima upana. Namba ya mrija inapimwa kwa frenchi, na frenchi 3 ni milimita 1, kwahiyo mrija wa 4.2 una milimita 1.4 na wa 6.6 una milimita 2.2. Sasa mshipa wa milimita 4: huo wa kwanza unachukua kama theluthi, damu inapita pembeni vizuri, huo wa pili umeshapita nusu, damu inasimama, inaganda, mshipa umeondoka. Hesabu yenyewe ni ya sekunde 10 tu, ifanye kabla hujaagiza mrija.

Hatua ya 4: Chagua na mzazi pale mrija utakapotokea

Mzazi anajua vitu ambavyo wewe hujui. Mtoto anayecheua maziwa kila saa, usitoe mrija juu karibu na kidevu, plasta italowa kila siku. Mtoto wa kike usipite kwenye eneo la chuchu, lile titi halijaota ila mbegu yake ipo pale na ukilikata ataliona akiwa na miaka 13. Epuka kwapa, epuka karibu na stoma (tundu la tumboni la kutolea haja), na kama unalazimika kutumia mshipa wa kinenani basi mrija upitishwe chini ya ngozi utokee mbali na nepi. Chora alama kwa kalamu mtoto akiwa amekaa, manake akilala ngozi inasogea.

Hatua ya 5: Chumba, joto, mkao, usafi

Chumba kiwe na joto kabla mtoto hajaingia. Mtoto mdogo anapoteza joto haraka sana akiwa uchi amepakwa dawa yenye spiriti, na akipoa damu yake haigandi vizuri.

Kitambaa kilichokunjwa kiwe chini ya mabega, kichwa kigeuke kidogo upande wa pili (kidogo tu, ukikigeuza sana mshipa unapanda juu ya ateri), na kitanda kiinamishwe upande wa kichwa ili mshipa ujae na hewa isivutwe ndani.

Mikono, kofia, maski, gauni, glavu, na shuka kubwa la kumfunika mtoto mzima, sio kile kikaratasi chenye tundu. Ngozi isafishwe na klorheksidini asilimia 2 kwenye spiriti alafu uiache IKAUKE yenyewe, usifute, na usianze kutumia kisu cha umeme ikiwa bado mbichi, spiriti inawaka moto. Kwa kichanga aliyezaliwa njiti kuwa mwangalifu zaidi, hiyo dawa inaweza kumuunguza ngozi, tumia kidogo na isituame mgongoni. Mwaka 2006 huko Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi yao kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu, klorheksidini, kukwepa kinena, na kutoa laini isiyohitajika, na maambukizi ya damu yakapungua kwa hadi asilimia 66. Hakuna mashine mpya hata moja hapo.

Hatua ya 6: Kuchoma mshipa

Njia tunayotumia ni ile ya Seldinger wa Uswidi, ya mwaka 1953: sindano, waya ndani ya sindano, sindano inatoka, mrija unafuata waya.

Kwa mtoto tofauti ni kwamba kila kitu ni kidogo na kilaini. Ukiegemeza kifaa cha ultrasaundi kwa nguvu unauzima mshipa, kwahiyo mkono wako uegemee kwenye mtulinga au shavu la mtoto, kifaa kiguse ngozi tu. Sindano ya geji 21 au 22. Utaona ukuta wa mbele unabonyea kama hema linalosukumwa na kidole, alafu ghafla unarudi, hapo umeingia, au umetoboa pande zote mbili, ndo maana uione ncha yenyewe na sio mtikisiko wa nyama tu. Kama damu haiji, rudi nyuma taratibu huku unavuta, mara nyingi inakuja wakati wa kurudi.

Waya uingie bila ubishi. Ukigoma USISUKUME, rudisha waya na sindano pamoja, manake ukivuta waya peke yake ndani ya sindano ncha inaweza kukatika ikabaki ndani ya mtoto. Mkono mmoja ushike waya mda wote. Sikiliza monita: mapigo yakianza kuruka ruka, ule mlio unaokuja mapema alafu kimya kifupi, waya umegusa ndani ya moyo, rudisha sentimita moja au mbili na utatulia.

Kabla ya daileta (kile kijiti kigumu kinachopita juu ya waya kupanua njia) thibitisha mara mbili. Angalia waya kwa ultrasaundi kwa urefu na kwa upana uone uko ndani ya vena, na kama una eksirei ya moja kwa moja ushushe mpaka chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) upande wa kulia wa uti wa mgongo, hapo umejua kwa uhakika uko kwenye vena na sio ateri. Sindano nyembamba ikiingia ateri kwa bahati mbaya unabonyeza dakika kadhaa yanaisha, ila daileta ikiingia ateri ni operesheni nyingine kabisa.

Hatua ya 7: Njia ya chini ya ngozi, kafu, na kukata urefu

Kwanini tusitoe mrija pale pale shingoni? Kwasababu vijidudu vya ngozi vinatembea kufuata mrija, na njia ndefu chini ya ngozi inavichelewesha. Wazo hili ni la zamani, mwaka 1967 kule Philadelphia kina Dudrick na Wilmore walipomlisha kichanga kupitia mshipa tu, mrija wao waliupitisha chini ya ngozi toka shingoni ukatokea kichwani nyuma ya sikio. Baadae 1973 ikaja ya Broviac yenye kafu, na 1979 Hickman akaipanua.

Kafu ni kile kipande cha kitambaa kinachozunguka mrija, nyama ya mtoto inaota ndani yake na kuushika. Kata kidogo kifuani kwenye alama yako, kata kidogo shingoni pale waya ulipo, weka ganzi njia nzima hata kama amelala, alafu vuta mrija toka kifuani kwenda shingoni kwa mkunjo wa taratibu, kona kali itaukunja. Kafu ikae kama sentimita 2 au zaidi ndani ya tundu la ngozi, ikiwa karibu sana itachungulia nje.

Urefu: laza mrija juu ya kifua ukifuata njia utakayopita, angalia kwenye skrini, kata mkato ulionyooka. (Ile mirija yenye vali kwenye ncha haikatwi upande huo, soma maelezo yake.) Tunataka ncha ifike pale vena kava ya juu (mshipa mkubwa unaoshusha damu toka kichwani na mikononi) inapoingia kwenye chumba cha kulia cha moyo. Ikiwa fupi inapiga ukuta, inaganda, inatoka mahali pake. Ikiwa ndefu sana inaweza kutoboa moyo na maji yakajaa kwenye mfuko wa moyo, na kwa vichanga hii inaweza kutokea siku kadhaa baadae, mtoto aliyekuwa vizuri anashuka presha ghafla bila sababu: simamisha dripu, vuta kwenye laini, ita watu, moyo uangaliwe kwa ultrasaundi hapo hapo.

Sasa daileta na ala yake ya kuchanika (ganda la nje ambalo mrija unapita ndani yake, alafu linachanwa). Isukume kwa vidole karibu na ngozi, kwa kuzungusha, na iingie mshipani TU, haina haja ya kuzama yote. Mtoto wa kilo 7 toka shingoni mpaka kwenye moyo ni sentimita chache, na daileta ni ngumu, ikipita pale waya ulipopinda inatoboa. Kila hatua jaribu kama waya bado unateleza ndani yake, ukikwama maana yake umeukunja. Ukitoa daileta ziba mdomo wa ala kwa kidole mara moja, mwenzako wa usingizi azuie pumzi, ingiza mrija uliojazwa salini, alafu chana ala taratibu huku mwenzio anaushikilia mrija. Hesabuni waya: upo mezani? Mzima?

Vuta damu kila njia, sukuma salini, angalia ncha kwenye skrini, na angalia mapafu yote mawili kama hewa haijavuja.

Hatua ya 8: Kufunga, na nyuzi

Hapa nina kidonda changu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, laini upande wa kulia, kazi safi. Siku ya 10 uzi wa kifuani ulikuwa unamwasha, ngozi imekuwa nyekundu kidogo, mama yake akaniomba tuutoe na mimi nikautoa. Siku tatu baadae usiku, dogo akashika mrija akiwa anageuka kitandani, ukatoka wote na kafu yake nyeupe kabisa haijashikwa na nyama hata kidogo. Hakutoka damu nyingi, namshukuru Mungu, ila tulirudi kumlaza tena, tukachoma upande wa kushoto, akiba imepungua mmoja kwa uzi niliouharakisha. Uzi ukae wiki 3 mpaka 4, na kwa mtoto aliyedhoofika au anayepata steroidi hata zaidi. Ukimwasha badilisha plasta, badilisha mahali pa uzi, ila kitu cha kumshikia kiwepo. Na mrija ukunjwe kitanzi chini ya plasta, ili akivuta avute kitanzi kwanza.

Hatua ya 9: Mikono itakayoigusa kila siku

Laini nzuri inaharibiwa kwenye kifuniko. Kabla ya kuunganisha chochote sugua kifuniko kwa spiriti sekunde 15, kwa nguvu kama unakamua limau, alafu subiri kikauke. Kusukuma salini tumia bomba la mililita 10 au kubwa zaidi hata kama dawa ni kidogo, bomba dogo linatoa presha kubwa na linapasua mrija. Sukuma kidogo, simama, sukuma kidogo, simama, na ubane klempu (kibanio cha mrija) wakati bado unasukuma ile ya mwisho ili damu isirudi kwenye ncha.

Plasta ya kuonea hukaa siku 7, gozi siku 2, ila ikilowa au ikibanduka ni leo, sio kesho. Mrija wa dripu ya kawaida sio wa kubadilisha kila siku, masaa 96 au zaidi mpaka siku 7, lakini uliopitisha damu au mafuta ya lishe ni ndani ya masaa 24. Laini ikigoma usilazimishe, mgeuze mtoto, inua mkono, akohoe au alie kidogo, ikigoma bado kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ita anayejua.

Hatua ya 10: Nyumbani (mama, baba, hii ni yenu)

Homa ya 38 kwa mtoto mwenye laini sio ya kusubiri asubuhi. Msimpe panadoli mkaangalia kwanza, nendeni hospitali usiku huo huo, mkifika semeni neno la kwanza kabisa "ana laini ya kati". Na hii ikumbukeni sana: akitetemeka kwa baridi dakika chache baada ya laini kusukumwa, hata kama hana homa, vijidudu vinaweza kuwa ndani ya mrija, msiusukume tena, nendeni.

Klempu mbili zisizo na meno, gozi na plasta vikae kwenye kimfuko kinachotembea na mtoto, hata shuleni. Mrija ukipasuka: ukunje na kuubana kati ya mpasuko na mtoto, hata kwa vidole, alafu klempu, alafu hospitali. Ukitoka wote: bonyeza kifuani ulipotoka NA shingoni pale penye kovu dogo, manake tundu la mshipa liko shingoni. Akianza kuhema ghafla laini ikiwa wazi, ibaneni, mlazeni ubavu wa kushoto kichwa kiwe chini.

Mkasi usikaribie kifua chake, hata kukata plasta. Fulana ya kubana ndani ya nguo inasaidia kuliko kumkemea. Kuoga sawa ila plasta isizame majini, kuogelea hapana mpaka timu yenu iseme. Na mama, nesi akitaka kushika laini bila kunawa, mwambie "nesi samahani, naomba unawe mikono kwanza", nesi mzuri hatachukia.

Hatua ya 11: Kuitoa

Kila wiki mtu aulize: bado tunaihitaji? Jibu likiwa hapana itoke. Ya kafu inatolewa chini ya dawa ya usingizi, unaichambua kafu taratibu toka kwenye nyama. Laini iliyokaa miaka inaweza kuwa imeshikwa na ukuta wa mshipa, ikigoma usivute kwa hasira, itakatika ndani, mwite mwenye uzoefu. Ikitoka ipime, ncha iwe nzima, bonyeza shingoni na kifuani kama dakika 5.

Baada ya wiki chache rudia ultrasaundi ya shingo, alafu andika kwenye faili kwa mwandiko unaosomeka: mshipa gani, upande gani, mrija wa namba ngapi, ulikaa siku ngapi, kwanini umetoka, na mshipa umeuachaje, uko wazi au umeziba. Nakala mpe mama aitunze na kadi ya kliniki, manake atakayemchoma huyu mtoto safari ijayo anaweza asiwe wewe.